Redio ya pikipiki ilipokataa kulia baada ya kubadilisha swichi za usukani: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, habari za leo. Mwezi uliopita nilipoteza Jumamosi mbili nzima na fyuzi 6 nikitafuta kwa nini redio ya pikipiki yangu ilikufa siku ileile niliyobadilisha swichi za usukani. Nimeona nieleze nilichokikuta, kisha niwaombe wote waliopitia jambo la namna hii waeleze lilivyoanza, walivyopima na walichokirekebisha, maana mafundi wengi tunaowategemea ni hodari kwenye injini lakini redio huiunganisha kwa kubahatisha, na mwenye pikipiki ndiye anayebaki na hasara.

Pikipiki yangu ni ya cc 125, na nyaya zake zinafuata rangi za Honda. Nilikuwa nimefunga redio ndogo yenye amplifaya (kikuza sauti) ndani yake na spika 2 kwenye usukani, nayo ilifanya kazi karibu miaka 2 bila kunisumbua. Siku moja ya mvua niliteleza nikaanguka upande wa kushoto, swichi yenye honi, indiketa na taa ikavunjika, nikanunua seti mpya ya pande zote mbili. Soketi ya seti ile haikufanana na ya zamani, kwa hiyo fundi akakata soketi na kuunganisha rangi kwa rangi: mweusi kwa mweusi, mwekundu kwa mwekundu, kijani kwa kijani. Nilipofungua ufunguo tu, fyuzi ya ampea 10 ikakatika. Tukaweka nyingine, ikakatika vilevile, na fyuzi zote 6 zikaisha kwa mtindo huo kabla hatujakubaliana kwamba fyuzi haina kosa.

Kosa lilikuwa kwenye imani yetu kwamba mweusi ni hasi. Kwenye pikipiki zinazofuata rangi za Honda, hasi ni waya wa kijani, ilhali mweusi ni chanya inayopatikana ufunguo ukifunguliwa, na mwekundu unatoka moja kwa moja kwenye betri. Kwenye Yamaha mambo ni tofauti kabisa, kwa kuwa mweusi ndio hasi na wa kahawia ndio chanya ya ufunguo. Suzuki hutumia mweusi wenye mstari mweupe kwa hasi na rangi ya chungwa kwa chanya ya ufunguo, na Kawasaki hutumia mweusi wenye mstari wa njano kwa hasi. Seti niliyonunua ilitengenezwa kwa mpangilio ambao mweusi ni hasi, na waya huo ulikuwa umeshikizwa kwenye bodi ya chuma ya swichi, kwa hiyo kila nilipofungua ufunguo nilikuwa naipeleka chanya yote kwenye fremu.

Tulipoutenga waya ule, pikipiki ikawaka, honi ikalia, taa zikafanya kazi, lakini redio ikabaki kimya, na hapo ndipo Jumamosi ya pili ilipokwenda. Jambo lililonishangaza ni kwamba ufunguo ukiwa umefungwa na gia ikiwa huru, kitaa cha redio kilikuwa kinang'aa kwa mbali sana. Nikiingiza gia kinazimika, na nikifungua ufunguo hakiwaki kabisa. Nilichukua mita ya umeme na kupima nyaya 2 za redio. Mwekundu dhidi ya fremu ulinipa volti 12.6, jambo ambalo lilikuwa sawa. Mweusi dhidi ya fremu, ufunguo ukiwa wazi, nao ukanipa volti 12.6, na baina ya mwekundu na mweusi nikapata sifuri. Fundi alikuwa ameunganisha redio kwa desturi ya redio za magari, ambako mweusi ni hasi, akaushika mweusi wa pikipiki, ambao ni chanya. Ufunguo ukifunguliwa redio ilikuwa na chanya pande zote mbili, na ukifungwa umeme ulikuwa unatoka betri, unapita ndani ya redio, unaingia kwenye waya mweusi na kutafuta njia ya kwenda hasi kupitia globu ndogo ya kuonyesha gia huru. Nilihamisha mweusi wa redio kwenda kijani cha pikipiki, mwekundu wa redio kwenda mweusi wa pikipiki, nikaweka fyuzi yake ya ampea 5 kwenye waya huo mwekundu, na redio ikalia palepale.

Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa

Ahsante ndugu yangu kwa kufungua mlango. Kisa changu kinafanana na chako mwanzoni, lakini mwisho wake ni mwingine. Mimi nilibadilisha swichi kwa sababu ya kutu tu, kwani pikipiki yangu hulala nje karibu na bahari na chumvi haiachi kitu. Fundi aliponirudishia redio aliona ni rahisi kuchukua umeme kwenye waya wa taa kubwa, ambao upo hapo hapo ndani ya swichi mpya, badala ya kuufuata waya wa ufunguo chini ya tangi. Redio ikawaka, tukashikana mikono, nikaenda zangu.

Nilipofika barabarani nikasikia mvumo mzito nyuma ya muziki, unaopanda nikivuta mafuta na kushuka nikiachia, na injini ikiwa kwenye mwendo wa kusimama redio ilikuwa inajizima na kujiwasha. Nilidhani spika zimepasuka. Nilipopima ule waya kwa mita iliyowekwa kwenye mkondo mnyoofu (DC), namba zilicheza bila kutulia. Nilipogeuza mita kwenye mkondo geu (AC), nikapata karibu volti 13 injini ikizunguka kwa kasi ya wastani. Ndipo nikafahamu kwamba kwenye pikipiki yangu, kama ilivyo kwa nyingi ndogo, taa kubwa haili umeme wa betri kamwe. Inalishwa na koili ya injini moja kwa moja, na umeme wa koili hugeuka-geuka, haujapita kwenye rektifaya ambayo ndiyo huunyoosha kabla ya kuupeleka kwenye betri. Redio haikuumbwa kula umeme wa namna hiyo.

Nilihamishia waya kwenye chanya ya ufunguo, mvumo ukapungua lakini haukuisha, kwa sababu kapasita kubwa ya ndani ya redio, kile kifaa kinacholainisha umeme, ilikuwa imeshavimba. Niliipeleka kwa fundi wa redio akabadilisha kapasita hiyo kwa bei ndogo, na tangu hapo ni safi. Ushauri wangu ni mmoja: ikiwa taa kubwa ya pikipiki yako haiwaki mpaka injini ingurume kwanza, na mwanga wake unapanda na kushuka na mafuta, basi waya wake usiuguse kwa ajili ya redio hata kama uko karibu namna gani.

Mchangiaji, Nakuru

Nami nachangia kwa ufupi kuhusu spika, kwa sababu hasara yangu ilitokea huko. Swichi mpya zilikuwa na tundu jembamba la kupitishia nyaya, na fundi wangu aliona nyaya 4 za spika zimekuwa nyingi. Akakata zile 2 za hasi za spika na kuzifunga kwa bolti kwenye usukani, akisema kwamba hasi ni hasi, fremu yote ni hasi. Redio iliwaka kwa dakika chache, ikapata moto mgongoni kiasi cha kutoshikika, kisha ikanyamaza huku kitaa chake kikiendelea kuwaka.

Amplifaya nyingi za redio za gari na pikipiki zimeundwa hivi: waya wa hasi wa spika hauendi kwenye hasi ya betri hata kidogo, bali nyaya zote 2 za kila spika zinasukumwa na amplifaya kwa zamu, na kila mmoja una karibu nusu ya volti za betri hata muziki ukiwa umenyamaza. Ukiufunga mmoja kwenye fremu, unaibana amplifaya ipeleke umeme wake chini bila kizuizi. Yangu ilikuwa na kinga ndani, ikapona baada ya kurudisha nyaya 2 kwa kila spika. Ya rafiki yangu haikupona. Kabla ya kuwasha, chomoa spika kwenye redio, kisha pima kila waya wa spika dhidi ya fremu kwa kipimo cha omu (ukinzani wa umeme), na mita isionyeshe mgusano wowote. Halafu pima baina ya nyaya 2 za spika moja: spika ya omu 4 kwa kawaida itakupa kati ya 3 na 4, na ukipata sifuri ujue nyaya zimegusana mahali.

Mwanzisha mada, Morogoro

Nakushukuru sana mkuu wa Nakuru. Hili la spika sikulijua, na nimekwenda kukagua ya kwangu leo asubuhi nikakuta yako sawa. Naona tayari kuna mambo 3 tofauti ambayo yote humfanya mtu aseme kwamba redio imeungua, wakati redio yenyewe haina kosa. Wengine endeleeni.

Mchangiaji, Arusha

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwanamke ninayesambaza mizigo kwa pikipiki, na redio kwangu ni ya lazima kwa sababu napokea maelekezo ya njia kwa simu iliyounganishwa na spika. Sikubadilisha swichi peke yake, nilibadilisha na usukani wenyewe, nikaweka wa juu zaidi kwa sababu ya mgongo. Usukani mpya umepakwa rangi nzito kila mahali, na vishikio vyake vimekaa juu ya mpira ili kupunguza mtetemo.

Tatizo langu halikuwa ukimya. Redio ililia vizuri pikipiki ikiwa imesimama, lakini nikiwasha indiketa sauti ilikuwa inafifia na kurudi kwa kila mweko, nikipiga honi inakatika kabisa, na simu inalazimika kuunganishwa upya. Niliwauliza mafundi 3. Wa kwanza aliniambia betri imechoka, nikanunua mpya, na hali haikubadilika. Wa pili alitaka kubadilisha rektifaya. Wa tatu, ambaye ni kijana wa kutengeneza redio tu na wala si fundi wa pikipiki, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: hasi ya redio hii inarudi betri kwa njia ipi?

Akaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa hasi wa redio na nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, akaniambia niongeze sauti na kuwasha indiketa. Mita ilipanda hadi volti 2.3. Alinieleza kwamba waya wa hasi uliotimia, redio ikiwa inafanya kazi, hautakiwi kupoteza zaidi ya takriban volti 0.2 kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwamba volti zangu 2.3 zilikuwa zinapotelea njiani. Waya wa hasi wa redio ulikuwa umefungwa kwa skrubu kwenye bodi ya swichi, kama ulivyokuwa zamani. Lakini zamani bodi ile iligusa usukani mtupu wa chuma, na usukani ukagusa fremu, kwa hiyo umeme ulikuwa na njia pana ya kurudi. Sasa rangi na mipira vilikuwa vimeziba njia hiyo, na hasi ya redio, ya honi na ya indiketa zote zilikuwa zinapigania waya mmoja mwembamba ndani ya swichi mpya.

Tulivuta waya mpya wa milimita za mraba 1.5 kutoka hasi ya redio hadi kwenye betri, tukaulehemu vizuri na kuuvika mpira. Kipimo kilekile kikashuka hadi volti 0.05. Tangu siku hiyo indiketa na redio havijuani. Wanaobadilisha usukani pamoja na swichi nawaomba wasitegemee chuma cha usukani kurudisha umeme, kwa sababu huwezi kujua kwa macho kama kinagusa au hakigusi.

Mchangiaji, Tanga

Dada wa Arusha umenikumbusha yangu, ingawa ni fupi na kwa upande mwingine ni onyo. Nilibadilisha swichi, na jioni hiyohiyo redio ya FM ikaanza kukwaruza kwa mfululizo injini inapowaka, ilhali muziki wa kwenye memori ulikuwa safi kabisa. Nilifungua na kufunga swichi zile mara 4. Baada ya wiki nikakumbuka kwamba siku ile fundi alibadilisha na plagi ya injini pia. Aliyotoa ilikuwa DR8EA, aliyoweka ilikuwa D8EA. Herufi R kwenye plagi za kampuni ya NGK ina maana kwamba ndani mna kizuizi kinachopunguza kelele za cheche zinazoingia kwenye redio. Nilirudisha yenye R, mkwaruzo ukaisha, na swichi hazikuwa na hatia hata kidogo. Kwa hiyo orodhesheni kila kitu kilichoguswa siku ile, si swichi peke yake.

Mchangiaji, Muscat

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nasoma kwa furaha, kwani huku Omani pikipiki nyingi tunazoendesha kwa safari ndefu ni kubwa na zina redio ya kiwandani, na vitufe vya sauti na stesheni viko kwenye swichi ya kushoto. Kwa hiyo ukibadilisha swichi, umebadilisha pia mkono unaoiamuru redio. Yangu ni ya zamani kidogo, na baada ya kufunga swichi mpya ilitokea ajabu hii: nikibonyeza kuongeza sauti, redio inabadilisha stesheni, na nikibonyeza kubadilisha stesheni, inanyamaza.

Ukihesabu nyaya utaona kwamba vitufe 5 vinatumia nyaya 2 tu, na hapo ndipo penye siri. Kila kitufe kina kizuizi chake chenye kipimo chake cha ukinzani, na redio haijui umebonyeza kipi ila kwa kusoma kipimo hicho. Nilichomoa hasi ya betri, kwa sababu ukinzani haupimwi umeme ukiwa umo, nikapima kila kitufe kwenye soketi ya swichi na kuandika namba zake. Kisha nikapima tena kutoka upande wa redio, mwisho wa waya. Kila kitufe kilikuwa kimeongezeka kwa karibu omu 150, vyote sawasawa. Swichi ilikuwa nzima, ila kiungo kimoja katikati, ambacho nilikibana kwa koleo bila kulehemu, kilikuwa kimeshika ukungu wa unyevu wa pwani na kuongeza ukinzani wake juu ya kila kitufe, hata redio ikakisoma kitufe cha kwanza kuwa ndicho cha pili.

Nilikata kiungo hicho, nikasafisha waya mpaka shaba ikang'aa, nikalehemu, na namba za pande mbili zikalingana. Nahofia mtu asome haya na kuyatumia kwenye pikipiki mpya zaidi: nyingi kubwa za miaka ya karibuni hazitumii vizuizi, bali swichi hutuma ujumbe wa kidijitali kwa nyaya 2 zilizosokotwa pamoja, na hapo kupima omu za vitufe hakutakwambia lolote.

Mchangiaji, Bukoba

Wakuu, mimi bado niko kwenye tatizo, naomba msaada. Nimefunga swichi mpya wiki iliyopita na redio inalia vizuri, lakini nikikata kona ya kushoto inanyamaza. Nikinyoosha usukani inabaki kimya hadi niizime na kuiwasha. Kona ya kulia haina shida. Fundi ameniambia niweke fyuzi ya ampea 20 badala ya 10.

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu yangu, tafadhali usiweke fyuzi hiyo. Fyuzi yako haijakatika hata mara moja, na ukiweka kubwa, siku kitu kitakapogusana kitakachoungua ni waya chini ya tangi la mafuta. Nijibu kwanza jambo moja: redio inaponyamaza, kitaa chake nacho kinazimika, au kinaendelea kuwaka? Simamisha pikipiki, washa redio kwa sauti ya wastani, geuza usukani polepole kwenda kushoto mpaka mwisho, kisha utazame.

Mchangiaji, Bukoba

Nimefanya sasa hivi. Kitaa kinaendelea kuwaka, na hata namba za stesheni zinaonekana. Sauti tu ndiyo inayokwenda, na ni pale usukani unapobakiza kama vidole 2 kufika mwisho.

Mchangiaji, Nakuru

Hiyo ni dalili ileile niliyoieleza juu. Umeme wa kuingia upo, kwa hiyo achana na ufunguo, fyuzi na hasi ya redio. Waya mmoja wa spika unagusa chuma usukani ukifika hapo, na amplifaya inajifunga ili isiungue. Ndiyo maana hairudi mpaka uizime. Toa taa ya mbele, fuata nyaya za spika kuanzia kwenye swichi mpya hadi shingoni mwa fremu, na uangalie hasa mahali ambapo usukani hugota.

Mchangiaji, Bukoba

Nimerudi kuwajulisha. Waya mweupe wenye mstari mweusi, yaani wa hasi wa spika ya kushoto, ulikuwa umepitishwa mbele ya kigoto cha usukani badala ya nyuma yake, na kila nilipokata kushoto ulikuwa unabanwa baina ya vyuma 2. Mpira wake ulikuwa umekatika urefu wa kama punje ya mchele, na shaba ilionekana ikiwa na alama nyeusi za cheche. Nilikata kipande hicho, nikalehemu kipande kipya, nikauvika mpira wa kubana kwa joto, nikaupitisha njia ya nyaya za kiwandani na kuuachia ulegevu wa kutosha usukani ugeuke pande zote bila kuuvuta. Nilipima dhidi ya fremu spika ikiwa imechomolewa, huku kijana wangu akigeuza usukani kushoto na kulia mara 20, na mita haikucheza.

Fyuzi ya ampea 10 iko palepale. Leo ni siku ya 4, nimekwenda Kyaka na kurudi mara 2, na redio haijanyamaza kwenye kona yoyote.